Kidole Ambacho Mama Hakukinyoosha

Mwaka ninaousimulia hauna namba kichwani mwangu, una harufu. Ni mwaka tuliokula mihogo ya ng'ambo. Wenzangu wachache waliobaki hai hapa Tunduma ukiwaambia hivyo tu wanakunja pua na kucheka, maana mihogo ile ilikuwa michungu, ya kuloweka kijitoni siku nne mpaka ilainike na kuvunda, na uvundo wake uliingia kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye mikeka ya kulalia, mpaka kanisani mhubiri akawa anahubiri amegeuzia uso dirishani. Mwaka wa kabla yake tulikula ulezi kama kawaida yetu, mwaka wa baada yake tukala mahindi, na katikati hapo ni mihogo. Ukimuuliza mtu wa rika langu alizaliwa lini, atakujibu mihogo ilimkuta anatambaa, au mihogo ilimkuta mgongoni. Mimi ilinikuta meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajatokeza, kwa hiyo ugali wake niliumeza bila kuutafuna, na huenda ndiyo maana nimefika umri huu.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Tunduma ya siku hizo usingeiita mji. Kulikuwa na barabara ya vumbi jekundu, duka moja la maana, kibanda cha askari, uwanja wa mnada wa ng'ombe, na nyumba za nyasi zilizotawanyika kama kuku waliotishwa na mwewe. Mpaka wenyewe ulikuwa nguzo za saruji zilizosimikwa porini, mbuzi wakijikunia mgongo. Sisi Wanamwanga tulikuwapo pande zote mbili kabla nguzo hazijaletwa. Mama yangu alizaliwa ng'ambo akaolewa huku. Kwetu jina la ukoo la mwanamume huanza na Si na la mwanamke huanza na Na, basi kaka yake ng'ambo aliitwa Simwinga na yeye huku akaitwa Namwinga, na nguzo ile haikuwa imempunguzia hata herufi moja. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya chini. Hakujua kusoma. Mimi nilifika darasa la pili la misheni, kwa hiyo hapa nyumbani nilikuwa msomi, na hata hivyo sijawahi kumzidi akili.

Njaa ile ilianza kama utani. Mvua ilikuja ikatuchekea wiki mbili, ulezi ukachomoza, kisha jua likawaka kama limetumwa. Kilichobaki kililiwa na nzige waliopanda kutoka mabonde ya Rukwa. Ghala letu likawa na panya waliokonda. Siku moja mama aliniambia, "Vaa, twende kwa mjomba wako." Tukashika njia ya ng'ambo, njia nyembamba ya miguu iliyopita katikati ya miombo, ambayo kila mtoto wa hapa aliijua kama anavyojua kwenda kuchota maji. Tulipofika kwa mjomba Simwinga, tulikuta ndugu wengine wametutangulia, na shamba lake limechimbwa mpaka mizizi ya majani. Alilia mbele ya dada yake. Sijawahi kuona tena mwanamume mwenye mabega kama yale akilia. Tukageuka kurudi mikono mitupu, mimi nikijikwaa kila hatua.

Njiani, pembeni ya shamba, alikuwa amekaa mzee mmoja ananoa jembe lake, mzee mwenye mguu mmoja mfupi na kofia ya kitambaa. Hatukumjua. Akatutazama, akasema, "Mama, huyo mtoto anatembea kwa kuni gani?" Mama akanivuta nyuma yake, maana njaa ina aibu yake. Mzee akanyoosha jembe. "Lile tuta pale. Chimba mpaka uchoke." Mama alichimba hata mikono ikatoka malengelenge, na mzee hakusema basi. Kisha akawaita wanawe wanne, vijana wakubwa, wakatubebea mihogo ile mpaka kwenye nguzo ya mpaka. Huyo ndiye Mzee Simfukwe. Tulikwenda kwake tena na tena, msimu mzima, mpaka maboga ya kwanza yalipoiva kwetu, na hata siku moja hakuuliza sisi ni wa nani. Wahenga walisema tenda wema uende zako. Yeye hakuhitaji hata kwenda, alikaa palepale akinoa jembe.

Mvua ziliporudi na watu wakapata nguvu ya kugombana, ndipo likaja tangazo. Tarishi wa boma alipita akipiga kengele, akasema Bwana Shauri, mkubwa wa boma, anataka mji wetu uchague mtu mmoja wa kukaa barazani, na watachagua watu wenyewe, kwa kusimama mstari nyuma ya wanayemtaka, wanaume kwa wanawake. Wanawake tulicheka. Nasema tulicheka, nami nilikuwa na pengo mdomoni. Waliosimama walikuwa wawili. Wa kwanza ni mwenye lile duka, ambaye watu walimwita Mzee Chumvi kwa sababu magunia ya chumvi ya Ivuna, chumvi ya upande wetu, yalipita mikononi mwake. Wa pili ni baba yangu.

Jambo lililowagawa lilikuwa ile njia. Mzee Chumvi alikuwa akisema ng'ombe wa ng'ambo wanaleta maradhi, njia ifungwe, watu wapite barabarani penye askari. Huenda maradhi yalikuwapo, sibishi. Lakini kila mtu alijua kwamba kwa njia ile ilipita pia chumvi nyeupe ya ng'ambo, ambayo ilikuwa ikimnyima usingizi. Baba, mtu wa maneno machache na mkono mzito wa shoka, alisema neno moja tu: njia iliyotulisha haifungwi. Basi mji ukapasuka. Watu wa kando ya barabara, waliokaa karibu na duka, walikuwa wa Mzee Chumvi. Watu wa mashambani, waliooa na kuolewa ng'ambo, walikuwa wa baba. Na ungetaka kujua nyumba fulani imeegemea wapi, usingeuliza, ungeonja mboga. Chumvi ya Ivuna ilikuwa na rangi ya udongo na uchungu kidogo nyuma ya ulimi, ile ya ng'ambo ilikuwa nyeupe na kali. Wanawake walikuwa wakitembeleana kuomba moto, wanachovya kidole chunguni, wanarudi nyumbani na hesabu ya kura.

Sasa nieleze kosa letu, maana lilikuwa la mji mzima. Hatukuwahi kuchagua mtu kwa serikali. Kuchagua tulikokujua ni kule kwa msibani, ukoo unapokaa kumtafuta wa kurithi jina la marehemu, na kikao hicho hakifunguliwi mpaka wajomba wafike, hata wakiwa mbali namna gani. Mama akatuma neno kwa kaka yake: njoo na watu wako, kuna kuchagua. Wengine wakatuma kwa wajomba zao. Mzee Chumvi naye akatuma kwa wakwe zake. Hakuna aliyedhani anaiba. Siku mbili kabla, wageni wakaanza kuingia na kuku kwapani na vyungu kichwani kama watu waendao kwenye matanga, na mji ukanukia mboga ya kisamvu. Mjomba Simwinga alikuja na viatu vya mgodini, vile vyenye chuma puani, alivyorudi navyo kutoka kwenye machimbo ya shaba, na alivivaa kwa heshima ya dada yake ingawa vilimbana.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi, upepo ule wa kipupwe unaokata masikio. Tulikusanyika uwanja wa mnada, tukakanyaga samadi iliyoganda. Karani wa boma alikuja kwa baiskeli, kijana wa watu aliyefunga tai, na daftari kubwa. Baba akasimama upande huu na Mzee Chumvi upande ule, na watu wakajipanga. Watoto tulikaa juu ya uzio wa miti ya mnada, tunaona kila kitu. Mistari ilipokamilika, wa baba ulikuwa mrefu. Nilijisikia mtoto wa mfalme.

Hapo Mzee Chumvi akamwendea karani, akanyoosha fimbo. "Yule mwenye viatu vya chuma ni mtu wa ng'ambo. Ni shemeji yake mgombea. Muulize." Karani akamwita mjomba, na mjomba akaitikia "mukwai", kama wanavyowaitikia wakubwa Wabemba aliofanya nao kazi machimboni. Watu wakaangua kicheko, pande zote mbili. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Karani hakucheka. Akafunga daftari, akaeleza polepole, kama unavyomweleza mtoto, kwamba uchaguzi huu ni wa watu wa upande huu tu, kwamba ng'ambo kuna serikali nyingine na Bwana Shauri mwingine, na kwamba wageni watoke mstarini. Mjomba akavua kofia. "Sikujua, bwana mkubwa. Niliitwa nikaja." Akatoka kwa miguu yake, na wageni wote wa mstari wa baba wakamfuata, wakaenda kukaa kando na kuku wao. Mstari wa baba ukapungua kama sufuria iliyomwagika.

Wapo waliotoka upande wa Mzee Chumvi pia, ila si wote. Katikati ya mstari wake alibaki mzee mwenye kofia ya kitambaa na mguu mfupi, na nyuma yake vijana wanne. Nilipomtambua nusura nianguke kutoka juu ya uzio. Mzee Simfukwe alikuwa baba mzazi wa mke wa Mzee Chumvi, na msimu mzima ule hatukujua, maana yeye hakutuuliza habari za ndugu na wakwe wala sisi hatukumuuliza. Watu wetu wakaanza kupiga kelele: "Na huyo mzee je?" Mzee Chumvi akajibu bila kupepesa jicho, "Huyu ni mkwe wangu. Amehamia kwangu, nyumba yake ile pale, kamtazame." Na kweli kulikuwa na kibanda kipya uani kwake. Mzee Simfukwe alivua kofia yake. Angesema nini? Angemkana mkwewe mbele ya watu, bintiye angerudishwa na mzigo wake kesho yake. Kwetu mkwe hamvunji mkwe. Alitazama chini, kofia mkononi, upepo ukimpiga kipara.

Karani akahesabu. Mzee Chumvi alikuwa amemzidi baba kwa watu watatu. Na pale mstarini walikuwa wamesimama watano wa ng'ambo. Hata mimi wa darasa la pili niliweza hesabu hiyo.

Karani akauliza ni mtu mzima gani wa upande huu anayeweza kusema kwa hakika kwamba mzee huyu kwao ni ng'ambo, nani amefika shambani kwake akaona nyumba yake na moto wake. Macho yote yakamgeukia mama, kwa sababu mji mzima ulijua nani alikuwa akipita njia ile na mzigo wa mihogo, hata kama haukujua mihogo ilitoka tuta la nani. Karani akamsogelea. "Mama, nimeambiwa wewe unawajua watu wa kule kuliko wote. Huna haja ya maneno mengi. Nyoosha kidole tu." Baba alikuwa mbele ya mstari. Akageuza kichwa, akasema kwa sauti ya chini, nami nilikuwa karibu nikasikia, "Mama Tabu, sema. Ni kweli tupu, wala si uongo. Sema." Tabu ni mimi. Na baba alikuwa na haki. Ilikuwa kweli tupu.

Mama alimtazama Mzee Simfukwe. Mzee akainua macho mara moja tu, akayashusha. Kisha mama akaweka mikono yake nyuma ya mgongo, yote miwili, kama mtoto aliyekatazwa kugusa chungu, akamwambia karani:

"Aliyenilisha simtoi mstarini."

Karani akafikiri hakusikia vizuri. "Mama, mumeo anashindwa." Mama akasema, "Naona." Mwanamke mmoja wa kando ya barabara akamzomea, "Muone, anaringa, kumbe ndiye anayenuka mihogo." Mama hakumgeukia. Karani alingoja, akauliza kama kuna shahidi mwingine. Wapo waliohisi, wapo waliosikia, ila mtu mzima wa upande huu aliyewahi kuota moto wa mzee yule alikuwa mmoja, naye mikono yake ilikuwa nyuma. Karani akaandika jina la Mzee Chumvi, akapanda baiskeli yake.

Baba hakula chakula cha mama kwa siku tatu. Alikwenda kula kwa mama yake, mwanamume mwenye ndevu. Siku ya nne alirudi, akakaa, akanawa. "Ungenyoosha kidole kimoja tu," alimwambia. Mama akamsogezea ugali. "Kidole hichohicho ndicho nilichotolea malengelenge kwenye tuta lake." Wakala. Sikuwahi kuwasikia wakilizungumza tena, ila baba alipozeeka alikuwa akiwasimulia wajukuu habari ile kana kwamba yeye ndiye aliyemwambia mama anyamaze, na mama alikuwa akimsikiliza huku akitabasamu na kuchambua maharage.

Sitaki mtu adhani ushujaa hauna bei. Njia ilifungwa. Ilitandazwa miiba na akawekwa mtu wa kuilinda, na mwaka wa pili yake bibi mzaa mama alipofariki, mama ilimbidi azunguke barabarani, akasimamishwa kwa kukosa cheti, akafika kwao kaburi limeshafukiwa. Alirudi na vumbi la kaburi kwenye magoti. Niliwahi kumuuliza, nikiwa mkubwa na mwenye ujinga wa ukubwa, kama hakujuta. Alinijibu kwamba kaburi la mama yake lilikuwa palepale alipoliacha, lakini uso wa mzee yule angekutana nao moyoni kila siku ya Mungu. Hilo nalo silifichi, na ndilo linalonifanya nitembee nimeinua kichwa nikitajwa mtoto wa Namwinga.

Mvua za mwaka ule wa uchaguzi zilipokaribia, tulisikia hodi asubuhi. Alikuwa Mzee Simfukwe, amezunguka barabarani kwa mguu wake ule mfupi, na mzigo wa vijiti vya mihogo kichwani. Aliutua, akampa mama kwa mikono miwili. "Panda hii," alisema. "Si michungu." Hakutaja uwanja wa mnada, na mama hakuutaja. Pamoja naye alikuwa mwanawe mdogo, yule aliyekuwa akinibeba mimi juu ya mzigo nikichoka. Kijana huyo alibaki huku, akaoa, akajenga jirani nasi. Mihogo iliyoko uani kwangu leo ni ya vijiti vile, kizazi kwa kizazi, na haijawahi kunuka.

Baadaye yalikuja masanduku ya kura, na picha za kutia alama, na mtu anaingia peke yake nyuma ya pazia. Mama alipiga kura hiyo akiwa na mvi, akatoka akasema kwamba hii ni nzuri, maana hakuna anayeona mwenzake amesimama wapi. Kuhusu sanduku alikuwa na haki. Ila watu wa Tunduma bado wanaonjana mboga. Zamani ilikuwa chumvi, leo ni rangi ya fulana na ya kitambaa kichwani, na anayekukopesha bando. Malori yanapanga foleni tangu alfajiri hadi alfajiri palipokuwa na miombo, simu yangu inashika mtandao wa huku nikiwa sebuleni na wa ng'ambo nikiwa jikoni, na ile njia yetu imejengewa maduka juu yake. Siwezi kusema zamani tulikuwa bora. Tulikuwa na njaa zaidi na viatu vichache. Ila tulijua nani alitulisha.

Juzi mjukuu wangu Baraka alikuja kukaa nami jikoni. Anagombea uenyekiti wa mtaa, kijana mzuri, anaongea kama redio. Nilikuwa namenya mihogo. Alikuwa na karatasi ya majina ya wapiga kura, amepigia mstari majina saba, wote wa nyumba ile yenye bati jekundu, wajukuu na vitukuu wa yule mwana mdogo wa Mzee Simfukwe. Nyumba nzima inamuunga mkono mpinzani wake, na hawafichi. "Bibi," aliniambia, "muda wa pingamizi unaisha kesho. Wewe ndiye mkongwe wa mtaa. Ukiandika tu kwamba hawa asili yao ni ng'ambo, majina yao yatafutwa."

"Wamezaliwa hapa," nikamwambia. "Mama yao nilimwogesha mimi siku aliyotoka tumboni."

"Lakini babu yao, Bibi."

"Na mama yangu, bibi yako mkubwa, alizaliwa wapi?"

Akacheka, akakuna shingo. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba hataki ugomvi, ni saini yangu tu, tena wino ameuleta, niweke hata dole gumba. Akanisogezea karatasi. Nikamwambia kura yangu ni yake, anajua, na siku hiyo nitaamka kabla ya jogoo kwenda kuipiga. Kisha nikaweka kisu chini, nikafuta mikono kwenye kanga, nikaiweka nyuma ya mgongo, yote miwili.

"Aliyenilisha simtoi mstarini."